Mchuzi wa Kuku wa Nyumba Nzima

Somo la lishe kwa kamati za parokia, vikundi vya akina mama na familia



Watoto wa Tabora hawahitaji kufundishwa methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wanaijua kwa kuiona uani. Mgeni akipiga hodi, mama anamnong'oneza kijana, kijana anamkimbiza jogoo, na baada ya muda harufu ya kitunguu na binzari inatoka jikoni. Watoto wanafurahi kwa sababu leo nyumbani kuna kuku. Lakini tukichungulia sahani zao jioni ile, mara nyingi tutakuta ugali uliolowa mchuzi, na labda shingo au mguu. Paja na kidari vimekwenda kwa mgeni na kwa baba.

Somo la robo hii linahusu chungu hicho. Tutajifunza kupika mchuzi wa kuku wenye viungo na protini ya kutosha, kwa vitu vinavyopatikana mkoani kwetu. Pamoja na hayo tutajifunza jambo ambalo vitabu vingi vya mapishi hukomea kabla ya kulifikia, yaani namna ya kuugawa.

Baada ya somo hili msomaji ataweza:

(a) kueleza kwa nini mchuzi mtupu haumjengi mtoto;
(b) kupika mchuzi wa kuku na karanga kwa kaya ya watu saba;
(c) kugawa nyama kwa kufuata mahitaji ya kila mwanakaya;
(d) kuongoza mjadala wa jambo hili katika kamati au jumuiya yake.

1. SINIA LA KWIHARA

Mchuzi wa viungo ni mgeni wa zamani katika Unyamwezi. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Huo ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Kituo kikuu cha katikati kilikuwa Tabora, ambayo wasafiri Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliijua kwa jina la Kazeh. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walijenga tembe hapo, wakapanda miti ya matunda, wakalima mpunga, ngano, vitunguu na vitunguu saumu. Viungo vya mchuzi waliviagiza kutoka pwani.

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Kwihara, karibu na Tabora, akiwa njiani kumtafuta David Livingstone. Katika kitabu chake cha safari ile anaeleza jinsi wakubwa wa Kiarabu walivyompelekea chakula cha kumkaribisha: wali uliorundikwa kama mlima, bakuli la mchuzi wa kuku, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na malimau. Baadaye wakafuata ng'ombe, kondoo, mbuzi, kuku hai na mayai. Mwaka 1872 Stanley na Livingstone walikaa pamoja Kwihara, na mahali hapo leo pana makumbusho.

Viungo vya bakuli lile havikufika Tabora kwa gari. Vilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kwa mwendo wa miezi mitatu au zaidi kutoka pwani. Njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa. Mpagazi hakuketi kwenye sinia la bwana. Yeye alipewa posho, yaani kipimo cha nafaka, au kitambaa cha kubadilishana na chakula njiani. Neno hilo "posho" tunalo hadi leo.

Tunaikumbuka historia hii kwa sababu moja. Chakula kizuri kilikuwepo Tabora. Kilichotofautiana ni nani aliyekila. Misafara imekwisha. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na siku hizi binzari inauzwa kwa paketi ndogo magengeni. Hata hivyo, katika nyumba zetu nyingi bado kuna wanaokula sinia na wanaokula posho, na wanaokula posho ndio wadogo kuliko wote.

2. PROTINI INAKAA WAPI?

Protini ndiyo inayojenga mwili: misuli, damu, ngozi na kinga dhidi ya maradhi. Mtu mzima anakarabati nyumba iliyokwisha kusimama. Mtoto ndio kwanza anajenga, na mama mjamzito anajenga nyumba mbili kwa wakati mmoja.

Kipindi muhimu kuliko vyote ni siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Mtoto aliyekosa chakula cha kujenga mwili katika siku hizo anaweza kudumaa, na kimo kilichopotea wakati huo ni vigumu kurudi. Aidha, kudumaa huathiri akili na masomo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uligundua kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni kweli kwamba udumavu una sababu nyingi, zikiwemo kuhara, maji yasiyo salama na mama kufanya kazi nzito wakati wa ujauzito. Lakini chakula cha mtoto ni sababu mojawapo ambayo familia inaweza kuanza kuishughulikia leo, bila kusubiri mradi.

Hivi ndivyo vyakula vyetu vinavyolingana kwa protini (takriban):

- Nyama ya kuku iliyopikwa, bila mfupa, gramu 100: gramu 25 hadi 27
- Karanga kavu, gramu 100: gramu 25
- Maharage yaliyopikwa, gramu 100: gramu 8 hadi 9
- Yai moja la kuku: gramu 6
- Unga wa mahindi, gramu 100: gramu 8

Protini ya mahindi peke yake ina upungufu. Ikiliwa pamoja na mikunde, mayai, samaki au nyama, upungufu huo unafidiwa. Ndiyo maana ugali na maharage ni chakula bora kuliko ugali na chumvi.

Sasa tuangalie mahitaji. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 50 za protini kwa siku. Mtoto wa miaka mitatu mwenye kilo 14 anahitaji takriban gramu 13. Tuzingatie tofauti hiyo, maana somo lote limesimama juu yake. Kipande cha nyama ya kuku chenye gramu 40, ambacho kinaenea katika kiganja cha mtoto, kina protini ya gramu 10 hivi. Kwa hiyo kipande kimoja kidogo kinakaribia kumtosheleza mtoto kwa siku nzima, wakati kipande hichohicho kwa baba ni tonge mbili tu.

Je, mchuzi wenyewe hauna nguvu? Kuku akichemka, ladha, chumvi na sehemu ya mafuta huingia kwenye maji. Protini, kwa sehemu kubwa, hubaki ndani ya nyama. Hivyo mtoto aliyepewa ugali na mchuzi mtupu amepata harufu ya kuku, lakini kuku mwenyewe hakumpata. Mama anadhani amemlisha, mtoto anadhani ameshiba, na mwili unaendelea kudai.

3. MAPISHI: MCHUZI WA KUKU NA KARANGA (watu 7)

Pwani mchuzi wa kuku huungwa kwa tui la nazi. Kwetu nazi inatoka mbali, lakini karanga ziko shambani. Badiliko hili ni la faida, kwa kuwa tui lina mafuta mengi na protini kidogo, wakati karanga zina vyote viwili.

Mahitaji:

- Kuku 1 wa kienyeji, mwenye uzito wa kilo 1 hivi baada ya kunyonyolewa na kusafishwa
- Karanga kavu zilizomenywa, kikombe 1 (gramu 150)
- Vitunguu maji 2 vikubwa
- Nyanya 4
- Vitunguu saumu punje 5
- Tangawizi mbichi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba
- Binzari ya manjano, kijiko 1 cha chai
- Binzari nyembamba iliyosagwa, kijiko 1 cha chai
- Giligilani iliyosagwa, kijiko 1 cha chai
- Mdalasini kijiti kimoja, karafuu 3, iliki 3
- Pilipili manga, nusu kijiko cha chai
- Ndimu 1 (au vipande vya embe bichi wakati wa msimu)
- Mafuta ya alizeti, vijiko 2 vya chakula
- Chumvi yenye madini joto, kijiko 1 cha chai kisichojaa
- Pilipili kichaa, za kuwekwa pembeni

Asiyepata viungo vyote asikate tamaa. Kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu na binzari ya manjano vinatosha kuufanya mchuzi uitwe mchuzi. Viungo vinaleta hamu ya kula, lakini havina uzito wa kujenga mwili. Ikibidi kuchagua kati ya paketi ya viungo na kikombe cha karanga, tununue karanga.

Kutayarisha:

Chagua karanga moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, kwa kuwa zinaweza kuwa na sumukuvu, na kuzipika hakuondoi sumu hiyo. Wala zisitupiwe kuku, kwani huwadhuru nao pia. Tusilichukulie jambo hili kwa wepesi: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga safi zikaangwe kidogo bila mafuta, zipepetwe maganda, kisha zitwangwe katika kinu hadi ziwe laini kabisa.

Kuku akatwe vipande vidogo kuliko tulivyozoea. Badala ya kidari kimoja kikubwa, pata vipande sita au saba. Paja nalo ligawanywe. Vipande vidogo huiva upesi, hukolea viungo na, kubwa zaidi, hugawanyika kwa haki. Kidari kizima kinaweza kwenda kwenye sahani moja tu. Osha mikono, kisu na kibao kwa sabuni baada ya kukata kuku mbichi, kabla ya kugusa kachumbari au chakula kilichoiva.

Kupika:

1. Paka vipande vya kuku ndimu, tangawizi iliyotwangwa, nusu ya kitunguu saumu na binzari ya manjano. Acha kwa nusu saa.

2. Weka kuku katika sufuria na maji vikombe vitano. Funika, chemsha kwa moto wa wastani. Kuku wa kienyeji aliyekomaa huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Wa kisasa dakika 30 hadi 40. Ameiva pale nyama inapoachia mfupa na maji yake hayana wekundu. Usimwage supu.

3. Katika sufuria nyingine pasha mafuta. Tia mdalasini, karafuu na iliki kwa muda mfupi, kisha vitunguu maji. Kaanga polepole hadi viwe na rangi ya kahawia. Hapa tusiwe na haraka, kwa sababu utamu wa mchuzi unatokana na kitunguu kilichokaangwa vizuri.

4. Ongeza kitunguu saumu kilichobaki, binzari nyembamba, giligilani na pilipili manga. Koroga kwa dakika moja, viungo visiungue. Tia nyanya zilizokatwakatwa na uache zirojeke kabisa hadi mafuta yaanze kujitenga.

5. Tia vipande vya kuku na supu yake. Acha vichemke pamoja kwa dakika kumi.

6. Koroga karanga zilizotwangwa katika bakuli la supu ya moto hadi zisiwe na mabonge, kisha mimina katika sufuria. Punguza moto na koroga mara kwa mara kwa dakika kumi hadi kumi na tano, kwani karanga hushika chini upesi. Mchuzi ukiwa mzito kama uji mwepesi, umeiva.

7. Toa fungu la mtoto mchanga aliyeanza kula (miezi sita na kuendelea) kabla ya kutia chumvi. Kisha tia chumvi.

Kuhusu chumvi, watu wa njia ya misafara waliithamini sana. Chumvi ya Uvinza, magharibi mwa Tabora, ilikuwa bidhaa ya kubadilishana na ilisafirishwa mbali. Leo tunahakikisha chumvi tunayonunua ina madini joto, na tunatumia kidogo.

Kuhusu pilipili, tusichanganye viungo na ukali. Binzari, tangawizi na mdalasini havimchomi mtoto. Pilipili kichaa inamchoma. Ikitiwa ndani ya sufuria, mtoto atalia, mama atamwondolea sahani na kumpa ugali mkavu au kiporo cha matobolwa. Hivyo pilipili itwangwe na ndimu na chumvi kidogo, iwekwe katika kibakuli chake mezani. Anayependa ukali ajitilie. Kwa njia hii baba anapata mchuzi wake wa kutoa jasho na mtoto anapata nyama yake.

Mchuzi huu uliwe na ugali, wali au viazi, pamoja na mboga za majani: mchicha, matembele, kisamvu au nsansa. Kwa kuwa nyumba nyingi hazina jokofu, ni vyema kupika kiasi cha kuliwa siku ileile. Kiporo kisikae zaidi ya saa mbili katika joto, na kabla ya kuliwa kichemke tena hadi kitokote.

4. HESABU YA CHUNGU

Kuku wa kilo moja ana nyama ya takriban gramu 600 ukiondoa mifupa, yenye protini ya gramu 120 hivi. Kikombe cha karanga kinaongeza gramu 38. Jumla ni gramu 158. Tukigawa kwa watu saba, kila mmoja anapata gramu 22. Ongeza ugali wa gramu 120 za unga, tunapata karibu gramu 32 katika mlo mmoja. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku ya mtu mzima, na kwa mtoto mdogo inazidi mahitaji yake. Kwa maneno mengine, kuku mmoja anatosha watu saba. Tatizo la nyumba zetu si kwamba kuku ni mdogo.

Tuchukue mfano wa kaya yenye baba, mama mjamzito, bibi, watoto watatu na mgeni mmoja. Mgawanyo wa mazoea ni huu: mgeni na baba wanapelekewa sinia lenye vipande vinono, bibi anapata bawa na mgongo, watoto wanapata shingo, miguu na mchuzi. Mama anakula mwisho, akifuta sufuria kwa ugali. Mjamzito anayehitaji zaidi kuliko wote amepata kidogo kuliko wote.

Mgawanyo tunaoupendekeza ni huu:

- Sahani ya mtoto mdogo na ya mama mjamzito au anayenyonyesha zipakuliwe kwanza, kabla sinia halijatoka jikoni.
- Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano apate angalau kipande kimoja kisicho na mfupa, kilichochambuliwa vizuri.
- Mtoto wa miezi sita hadi mwaka mmoja apondewe nyama na ini katika kinu, vichanganywe na mchuzi na ugali laini au uji mzito. Karanga apewe zilizotwangwa tu, kamwe asipewe nzima, zisije zikamkaba.
- Ini liende kwa watoto. Lina madini ya chuma yanayoongeza damu.
- Waliobaki wagawane sawa.

Na firigisi? Firigisi abaki nayo baba. Tunajua uzito wa heshima hiyo, na hatukuja kuvunja nyumba za watu. Firigisi ya kuku mmoja ni tonge moja au mbili. Baba akiheshimiwa kwa firigisi na mtoto akajengwa kwa kidari, hakuna aliyepoteza.

Hapa ndipo karanga zinapotusaidia mara ya pili. Nyama inaweza kuhesabiwa na kupelekwa kwa mkubwa, lakini karanga zilizoyeyuka katika mchuzi hazigawanyiki kwa cheo. Hata mtoto aliyeambulia mchuzi, safari hii mchuzi wake una protini. Hii isiwe sababu ya kumnyima nyama. Iwe kinga ya siku ambayo wakubwa wamesahau.

5. MANENO YANAYOSIKIKA NYUMBANI

"Mama mjamzito asile mayai, mtoto atazaliwa bila nywele." Imani hii na nyingine zinazofanana nayo husikika sehemu nyingi za nchi yetu. Hazina ukweli. Yai lililoiva vizuri ni chakula salama na bora kwa mjamzito. Tuwaelimishe kwanza akina bibi, kwa kuwa wao ndio wanaosikilizwa.

"Mtoto mdogo hawezi kula nyama." Hawezi kuitafuna, lakini anaweza kuila ikipondwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wapate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, kama vile nyama, samaki au mayai.

"Kuku ni wa kuuza." Ni kweli. Familia inayosubiri malipo ya tumbaku hutegemea kuku kwa daftari la shule, sabuni na nauli ya hospitali. Hatusemi kuku wasiuzwe. Tunasema ratiba ya nyumba iwe na siku ya kula pia, hata mara moja kwa mwezi, na mayai mawili matatu kwa wiki yabaki kwa watoto. Siku isiyo na kuku, mchuzi huuhuu upikwe kwa maharage, kunde, choroko, mayai ya kuchemsha au dagaa wa Kigoma. Viungo ni vilevile, karanga ni zilezile, na mgawanyo ni uleule.

"Mgeni atatuonaje?" Mgeni aliyekaribishwa kwa sahani iliyopakuliwa vizuri ameheshimiwa. Mtume Paulo aliwakemea Wakristo wa Korintho kwa sababu walipokusanyika kula, wengine walishiba na wengine wakabaki na njaa (1 Kor. 11:17-34). Aliwaonya kuwa kula namna ile kunawaaibisha wasio na kitu. Wasio na kitu katika nyumba zetu ni watoto.

6. KUKU WA KESHO

Hakuna mchuzi bila kuku, na adui mkubwa wa kuku wa kienyeji ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kikiingia kijijini kinaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Mwenye hofu ya kideri huuza kuku wake haraka kwa bei ya kutupa, au huwaacha wafe. Aliyechanja huwa na nafasi ya kuchagua yupi auzwe, yupi atage, na yupi aliwe.

Chanjo inayostahimili joto, ijulikanayo kama I-2, hutolewa kwa tone moja katika jicho la kila kuku mwenye afya, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja huchanja kuku wengi na ikishafunguliwa haikai muda mrefu. Kwa sababu hiyo kuchanja ni kazi ya kitongoji kizima kwa siku moja. Kamati ya parokia inaweza kupanga siku hiyo pamoja na ofisa mifugo wa kata, kukusanya mchango na kutangaza baada ya ibada. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe. Achomwe au afukiwe.

7. ZOEZI KWA KAMATI

Zoezi hili linahitaji punje 20 za mahindi na muda wa saa moja. Wanaume na wanawake wakae katika makundi mawili.

Hatua ya kwanza: Chora duara saba chini, kila moja kwa mwanakaya mmoja wa mfano tuliotoa hapo juu. Punje 20 ni vipande vya kuku. Kila kundi ligawe punje kama nyama ilivyogawiwa kweli nyumbani mara ya mwisho kuku alipochinjwa.

Hatua ya pili: Makundi yatembeleane na kulinganisha. Wasibishane, watazame tu duara la mtoto na la mama.

Hatua ya tatu: Wagawe upya kwa kufuata mahitaji, kisha wajadili maswali yafuatayo:

1. Kuna tofauti gani kati ya mgawanyo wa wanaume na wa wanawake? Kwa nini?
2. Nani nyumbani ana mamlaka juu ya upawa?
3. Ni jambo gani mwenye nyumba anaweza kulitamka ili mama asiogope kupakua sahani ya mtoto kwanza?
4. Kamati yetu itafanya nini kabla ya robo ijayo, na nani atafuatilia?

Swali la tatu lisirukwe. Mara nyingi mama anajua kinachomfaa mtoto, lakini anasubiri ruhusa. Neno moja la baba mbele ya familia, "mtoto apakuliwe kwanza," lina nguvu kuliko semina ya siku tatu.

8. NENO KWA WAFADHILI

Ndugu wafadhili, misaada yenu katika ufugaji inathaminiwa sana. Taarifa za miradi ya kuku kwa kawaida huhesabu vifaranga vilivyogawiwa, mabanda yaliyojengwa na akina mama waliohudhuria mafunzo. Takwimu hizo ni za lazima, lakini zinaishia mlangoni mwa banda. Kuku wanaweza kuongezeka kijijini na mtoto akaendelea kula ugali na mchuzi.

Tunaomba tuongeze swali moja katika fomu za ufuatiliaji: katika siku saba zilizopita, mtoto mdogo kuliko wote wa kaya hii alikula nyama, yai, samaki au mikunde mara ngapi? Halihitaji mtaalamu wala kifaa. Linaweza kuulizwa na mwanakamati anayepita nyumba kwa nyumba, na jibu lake litatuonyesha kama msaada umefika pale ulipokusudiwa.

HITIMISHO

Sinia la Kwihara lilikuwa la ukarimu, na ukarimu huo ni wetu hadi leo, tusiupoteze. Tunachoomba ni kwamba mgeni ajaye apishane mlangoni na mtoto ambaye tayari ameshika sahani yake, yenye kipande cha nyama juu. Hapo ndipo tutakapoweza kusema kwamba mgeni amekuja na mwenyeji amepona, pamoja na yule mdogo asiyefikia meza.

Tunawatakia mapishi mema na mgawanyo wa haki.